UZI: Kuendesha mchezo wa uhusika kwa kuandikiana bila mchezo kufia njiani

MkongeMbichi (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Uzi huu ni wa wanaocheza michezo ya uhusika, na wale wanaotamani kucheza lakini hawana kundi la kukaa nalo meza moja. Niko Tanga mjini, Chumbageni, na mimi ndiye mtambaji wa kundi letu. Wenzangu wametawanyika. Mmoja ni nesi, zamu zake nyingi ni za usiku. Mmoja anafundisha Lushoto. Mmoja yuko Pangani, anatoka na mashua, mtandao anaupata akirudi nchi kavu. Mwingine ni fundi simu Ngamiani, hana jioni iliyo yake mpaka afunge duka. Kuwakalisha watu hawa pamoja saa tatu au nne mfululizo haiwezekani, kwa hiyo tunacheza kwa maandishi kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anaandika anapopata nafasi.

Kwa mgeni kabisa: mtambaji anaeleza mahali na yanayotokea. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu inaamua. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Ulitungwa kwa watu waliozunguka meza, na shida yetu sisi wa maandishi inaanzia hapohapo.

Makundi mengi ya maandishi huanza kwa shangwe, kisha kimya. Ukiuliza, utaambiwa hadithi ilikosa mvuto. Sikubaliani. Nyingi ya hadithi hizo zilikuwa nzuri sana. Kilichoziua ni kusubiriana.

Pigeni hesabu hii. Kundi lina wachezaji 5, wote makini, kila mmoja anajibu siku 9 kati ya 10. Uwezekano wa wote watano kujibu siku hiyohiyo ni kama asilimia 59 tu. Yaani karibu siku 4 katika kila 10 kuna mtu hayupo, na hao ni watu makini! Wakiwa 8, unashuka hadi asilimia 43. Kama kanuni yako ni "tunasubiri wote waandike", mchezo utakwama hata kama hakuna mvivu ndani yake.

Pambano ndilo baya zaidi. Kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, raundi moja ni sekunde 6 za ndani ya hadithi, na kila mhusika ana zamu yake. Mezani zamu inapita kwa dakika chache. Kwa maandishi, wachezaji 5 wakipokezana, kila mmoja na siku yake, raundi tatu ni siku 15, na hapo zamu za adui bado hatujazihesabu. Nusu mwezi kwa sekunde 18 za kupigana na fisi. Nani atabaki?

Kwa hiyo kila ninachoandika nakipima kwa swali moja: je, hapa kuna mtu ambaye asipojibu, wote tunakwama? Akiwepo, naandika upya.

Naendelea chini, naomba msikatishe kwanza.

---

MkongeMbichi

Sehemu ya pili: dawa.

Watu wamecheza kwa barua muda mrefu kabla ya simu. Klabu za sataranji za London na Edinburgh zilianza kuchuana kwa barua mwaka 1824, wakamaliza 1828, Edinburgh ikashinda. Pande mbili zinaweza kuvumiliana miaka minne, kwa sababu kila barua inayofika inakupa zamu. Kundi la watu watano halina uvumilivu huo. Mtu akiandika leo, kisha asome ya wenzake wanne kabla ya kugusa tena mhusika wake, moyo unapoa.

Sasa tazameni Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka 1959 na kuanza kuchezwa kwa posta miaka ya 1960. Wachezaji ni 7 na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Wote wanaandika amri zao kwa siri, amri zinafunguliwa pamoja, matokeo yanatoka kwa wote mara moja. Ambaye hakuleta amri, majeshi yake yanasimama yalipo na mchezo unaendelea. Kanuni hiyo ya mwisho ningependa kila mtambaji wa maandishi aibandike ukutani.

Sisi tunafanya hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi naandika "Paukwa" kwenye grupu. Mwenye nafasi siku hiyo anajibu "Pakawa" na kuweka amri ya mhusika wake. Saa tatu usiku nafunga, narusha dadu zote mwenyewe, naandika kilichotokea kwa wote katika bandiko moja. Asiyejibu, mhusika wake yupo, anatembea na wenzake, anajikinga, hafanyi jambo kubwa na hapatwi na jambo kubwa. Hakuna kulaumiana wala kuitana kwa majina. Nesi wetu akitoka zamu asubuhi anakuta hadithi imesogea, na mhusika wake bado ana kazi ya kufanya.

Tuliacha kusubiriana, na pambano la raundi tatu sasa linamalizika ndani ya wiki moja.

---

RaskazoneJioni

Mkuu hapa umenena. Kundi letu lilifia kwenye mlango. Mlango tu! Watu watano mbele ya mlango, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme "nafungua". Hebu tiririka, weka mfano wa bandiko lako tuone.

---

MkongeMbichi

Pole sana mkuu, mlango umeua makundi mengi. Naweka mfano.

Mkasa wetu wa sasa uko mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji. Mwaka wa hadithi ni 1914, Novemba, siku chache baada ya vita vya Tanga, pale jeshi la Waingereza lililotoka India liliposhuka upande wa Raskazone likarudishwa baharini, na nyuki wakawauma watu katikati ya risasi. Hiyo ni historia. Cha kutunga ni kwamba wapagazi wawili wametoroka na sanduku la daktari wakaingia mapangoni, na wahusika wetu wanawatafuta.

Bandiko baya ni hili:

"Mnafika mdomo wa pango. Ndani giza, popo wengi. Mnafanya nini?"

Wachezaji wote watajibu "naangalia ndani". Umepoteza siku mbili na hakuna aliyeamua kitu. Nililoandika ni hili:

"Mwanga unaishia hatua kumi ndani. Popo wametulia, isipokuwa upande wa kushoto, wanakotoka kwa makundi kana kwamba kuna aliyewasumbua. Chini kuna matone ya nta na nyayo za watu wawili: zote zinaingia, za mmoja zinatoka. Nahodha, kamba yako ni pima kumi, na shimo la kulia halionyeshi mwisho. Mganga, unanusa ubani, na si wa jana. Saumu, unasikia mtu akikohoa. Huko nyuma barabarani askari wa doria wanakuja. Jua likizama watakuwa hapa mlangoni."

Angalieni. Kila mhusika amepewa kitu chake, kwa hiyo hakuna wa kusema "sina la kuandika". Njia ni mbili na kila moja ina gharama. Na doria inakuja, wachezaji wajibu au wasijibu. Bandiko la mtambaji lisiishie kwenye swali tupu la "mnafanya nini". Liishie kwenye jambo ambalo ukilinyamazia litatokea.

Na sasa upande wa mchezaji. Nesi wetu aliandika:

"Saumu anafuata nyayo za kushoto, mshumaa ameufunika kwa kanga. Ikiwa ni mtu mmoja na amelala, anachukua sanduku. Ikiwa yuko macho, anamsalimia kwa Kisambaa taratibu, mikono wazi. Ikiwa ni zaidi ya mmoja, anazima mshumaa na kurudi kimya."

Hizo "ikiwa" tatu zimeokoa siku tatu za kuulizana na kujibiana. Nilirusha dadu, nikajua ni ipi kati ya hizo tatu imetimia, nikaandika tukio zima hadi mwisho wake. Kwa mchezaji mpya hili ndilo somo la kwanza ninalompa, kabla ya kanuni yoyote ya dadu: usiniulize "je, yuko macho?", niambie utafanya nini akiwa macho na utafanya nini akiwa amelala.

---

BintiPangani

Huyo wa mashua ni mimi 😊. Nathibitisha, mara nyingi narudi nchi kavu nakuta mabandiko mengi na bado najua niko wapi. Kinachonisaidia ni muhtasari aliobandika juu ya grupu: tuko wapi, nani ana nini mkononi, nani kaumia, nini kinatufukuza. Mistari mitano sita. Bando ni dogo huku, siwezi kupanda juu kusoma kila kitu.

Swali langu ni la wenzangu wengine: mtambaji kurusha dadu zote, hamwoni inatuondolea raha? Mimi ningependa kuirusha dadu yangu mwenyewe.

---

MkongeMbichi

Dada, lalamiko lako ni la haki. Tumeliongelea na sina jibu litakaloridhisha wote. Mkono wa mchezaji kwenye dadu una utamu wake. Lakini hesabu njia: unaandika unataka kupanda mwamba, mimi nasema rusha, unarusha kesho yake, mimi nasoma keshokutwa. Ndiyo maana naomba ruhusa ya kurusha kwa niaba yenu, na matokeo naweka wazi namba kwa namba.

Njia ya katikati ambayo nimeiona inafaa: mchezaji anarusha pamoja na amri yake, bandiko hilohilo, kabla sijaomba. Ukijisikia, fanya hivyo kuanzia Jumatatu.

---

Fundi_Barabara8

Na uaminifu je? Mtu akirusha dadu nyumbani kwake akasema "kumi na mbili", nani kaona?

---

MkongeMbichi

Zipo programu za kurusha dadu zinazoandika matokeo mbele ya kundi zima, tumia hizo kama mashaka yapo. Lakini sisi tunachezea hadithi, hakuna pesa. Mchezaji akitaja namba, naichukua kama alivyoitaja.

Kilichonisaidia zaidi ni aina ya dadu. Tuliacha dadu ya pande 20 tukachukua mtindo wa Apocalypse World, mchezo wa D. Vincent Baker wa mwaka 2010: dadu mbili za pande sita, unajumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kwa gharama. 6 kushuka chini, mambo yanakugeukia. Bila nyongeza yoyote (namba inayoongezwa kwenye jumla kwa jambo ambalo mhusika analiweza vizuri), uwezekano wa 10 na zaidi ni asilimia 17, wa 7 hadi 9 ni 42, na wa 6 kushuka ni 42. Mhusika mwenye nyongeza ya 2 anaugeuza mzani: 42 kufanikiwa kabisa, 42 kwa gharama, 17 kukwama.

Faida yake kwa maandishi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye mtindo huu adui hana zamu yake. Mrusho mmoja wa mchezaji unasema alichofanya yeye na alichofanyiwa. Saumu akipata 8, amelipata sanduku lakini kanga imeshika moto. Nusu ya kusubiri imeondoka kwa kanuni peke yake.

Anayependa Dungeons & Dragons asikate tamaa. Kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa Januari 2023 kwa leseni huria, kuzisoma ni bure kabisa. Ila kwenye pambano toa zamu za mmojammoja: wachezaji wote kwa pamoja, kisha maadui wote kwa pamoja.

---

MzeeMakorora

Vijana, nimesoma uzi wote. Sichezi mchezo huu, lakini nimecheka kwa furaha. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923, washairi wa pwani waliulizana humo na kujibizana kwa beti. Mmoja anatupa swali toleo hili, mwingine wa mji mwingine kabisa anajibu toleo lingine kwa vina vilevile. Huyu bwana wetu wa Machui, Shaaban Robert, alikulia katika zama hizo. Kuandikiana kwa kupokezana mnakokufanya ninyi si kugeni hapa Tanga.

Swali: mbona lugha ya wachezaji wengi wa siku hizi ni fupi mno, "naenda", "napiga"? Mshairi aliyesubiri toleo lijalo alijua ana ubeti wa kupendeza wa kuleta.

---

MkongeMbichi

Shikamoo mzee wangu. Umenipa neno la kubeba.

Kuhusu ufupi: silazimishi urefu, kwa sababu fundi simu anaandika mteja akiwa amesimama mbele yake. Naomba kitu kimoja tu katika kila bandiko, jambo moja ambalo wenzake wanaweza kulishika. "Napiga" halina pa kushika. "Nampiga, lakini namlenga mkono maana nimemtambua, ni mtoto wa jirani yetu" lina mlango kwa kila aliyepo. Lina maneno machache, na wengine wanne watakuwa na la kusema wiki nzima.

---

Mwl_Lushoto

Mimi nipo kwenye kundi hili na namheshimu mtambaji wetu, ila kwa jambo moja natofautiana naye wazi. Ratiba ya siku tatu kwa wiki inafaa kwa hatari na mapambano. Haifai kwa mazungumzo. Mhusika wangu, mganga, alikutana na dada yake waliyeachana miaka mingi, na saa tatu usiku ilipofika tukio likafungwa nikiwa nimeandika mistari miwili. Maandishi yana uwezo ambao meza haina: nafikiri siku nzima nikitembea kwenda shule, jioni naandika jibu ambalo mdomoni nisingelipata kamwe. Usituharakishe pale, kaka.

---

MkongeMbichi

Mwalimu, nakubaliana nawe, na tayari nimebadilisha. Mazungumzo ya watu wawili sasa yanaenda kwenye grupu dogo la pembeni, bila saa. Kundi kubwa linaendelea na safari, ninyi mnaongea kama kwamba ni usiku wa jana. Mkimaliza, nabandika mazungumzo yenu kwa wote wayasome.

Hili linanipeleka kwenye faida ambayo watambaji wa mezani hawana. Mezani ukigawa kundi, nusu wanakaa kimya wakisubiri. Kwa maandishi, mganga anaweza kuwa mlangoni mwa pango, nahodha amening'inia shimoni na Saumu yuko Tongoni kwenye makaburi ya kale, wote siku hiyohiyo, na hakuna aliyekaa bure. Siri nazo zinakaa vizuri: namwandikia mchezaji mmoja pembeni alichokiona yeye tu, na ni juu yake kuwaambia wenzake au kunyamaza. Wiki iliyopita Saumu aliliona jina ndani ya sanduku. Mpaka leo hajasema. Kundi zima linamsoma kwa makini kila neno.

---

UmmKulthum_Tga

Samahani naingilia. Mdogo wangu ana hamu ya kucheza lakini nyumbani wana wasiwasi, wamesikia kuna majini na uchawi ndani yake.

---

MkongeMbichi

Karibu dada, hakuna kuingilia, swali ni la msingi.

Hadithi inakuwa na kile mnachokubaliana kuweka. Kabla ya kuanza, kila mchezaji ananiandikia pembeni mambo ambayo hataki yatokee kabisa, na hatakiwi kutoa sababu. Nayakusanya bila majina, nabandika orodha kwa wote, na mimi ndiye wa kwanza kuifuata. Kwetu majini hayamo, na ubani wa pangoni ni wa watu wanaofanya tambiko, tunawapita kwa heshima kama mtu yeyote anavyotakiwa kuwapita Amboni. Ukatili kwa watoto haumo. Kumtongoza mchezaji kupitia mhusika wake hakumo, na aliyefanya hivyo alitoka siku hiyohiyo.

Na kwa sababu kila kitu kimeandikwa, mzazi akitaka anaweza kusoma mkasa wote kuanzia mstari wa kwanza. Mwambie mdogo wako awaonyeshe.

---

Kijana_Mikanjuni

Mkuu nafasi ipo? Mhusika wangu: mwindaji wa ajabu asiyeongea na mtu, anatembea peke yake, hamwamini yeyote, hakuna ajuaye anakotoka.

---

MkongeMbichi

Nafasi ipo moja, ya tano, na sitaongeza ya sita.

Mhusika wako nampenda kwa sura, ila kwa maandishi atakutesa. Asiyeongea na mtu hana cha kuandika, na ukimya wake wenzako hawatautofautisha na kukosa bando. Mwache awe mwindaji, hata mkali. Nipe vitu vitatu: mtu mmoja wa kundi anayemdai au anayedaiwa naye, jambo analolitaka ndani ya lile pango, na swali ambalo kila akikutana na mgeni lazima aulize. Kwa mfano, huenda ndiye aliyewapa wapagazi wale njia ya kuingilia Amboni, na Nahodha hajui bado.

Niandikie pembeni kabla ya Jumatano. Saa tatu usiku nafunga, na doria imeshafika mlangoni, kwa hiyo utaingia ukitokea ndani.